Folda Ikikataa, Tusiwaruhusu Watu Wote

Siku hizi si ajabu kuikuta nyumba moja ina kompyuta mbili au tatu, ya baba kwa kazi zake, ya watoto kwa masomo, na pengine nyingine kuukuu iliyowekwa sebuleni kwa ajili ya picha na muziki, zote zikitumia ruta moja. Na aghalabu haupiti muda mrefu kabla wenyewe hawajatamani ziazimane mafaili bila ya kuchomeka na kuchomoa flashi. Hapo ndipo adha inapoanza, kwani folda iliyoshirikishwa huonekana kwa jina lake kwenye skrini ya pili, lakini anayeibofya hujibiwa kwamba hana ruhusa. Dawa inayopendwa na wengi, mafundi wakiwamo, ni kulipa mamlaka kamili kundi liitwalo Everyone, yaani watu wote, popote penye nafasi ya kuandika jina, kisha kuuzima ulinzi wa neno la siri. Folda hufunguka, na fundi hupokea ujira wake. Mimi dawa hiyo siikubali.

Siikubali, kwanza, kwa kuwa haimfundishi mtu sababu ya kukataliwa. Katika Windows, folda iliyoshirikishwa ina idhini za namna mbili: moja ni ya mtandao, nayo hupangwa katika ukurasa wa Sharing, na nyingine ni ya diski yenyewe, nayo hupangwa katika ukurasa wa Security. Ajaye kwa njia ya mtandao hupimwa kwa zote mbili, na iliyo kali zaidi ndiyo inayoshika. Hivyo basi, aliyeirekebisha ya kwanza asiiguse ya pili ni kama aliyefungua lango la ua akaacha mlango wa chumba umekomewa, kisha akastaajabu kwamba mgeni bado yuko nje.

Fauka ya hayo, mtandao wa nyumbani hauna daftari moja la watumiaji. Kila kompyuta ina lake, na jina linalotakiwa ni lile lililosajiliwa katika kompyuta yenye folda, pamoja na neno lake la siri. Ile PIN ya tarakimu chache tuliyoizoea asubuhi haivuki mtandao, kwa kuwa ni ya kifaa kile kile kilichoiweka; na akaunti isiyo na neno la siri kabisa hukataliwa kwa kawaida ikijaribu kuingia kutoka mbali. Yamkini pia kompyuta inayoomba ilihifadhi neno la zamani, ikawa inalituma kimyakimya kila mara, hata mwenyewe alifute katika Credential Manager.

Siikubali, pili, kwa sababu ya madhara yake. Kirusi kikiingia katika kompyuta ya mtoto kwa mchezo alioupakua, hutenda kwa mamlaka ya mtoto huyo. Na ikiwa mtoto ana ruhusa ya kuandika katika folda ya baba, basi vyeti, hati ya kiwanja na picha za harusi hufungwa kwa pamoja, na fidia ikadaiwa. Angalikuwa na ruhusa ya kusoma tu, kirusi hicho kisingeweza kuyageuza mafaili hayo kwa kupitia mtandao. Ruhusa, hata hivyo, si kinga ya kila kitu: programu hasidi ya WannaCry, iliyotapakaa Mei 2017 na kuzitatiza hospitali za Uingereza, haikumwomba mtu idhini, bali ilipenya katika kasoro ya SMB1, itifaki kongwe ya kushirikishana mafaili, ilhali kiraka chake kilikwisha kutolewa Machi mwaka ule ule. Kwa hiyo anayeiwasha tena itifaki hiyo ili kuiridhisha kompyuta ya sebuleni anajitafutia balaa.

Watakuwapo watakaosema kwamba nyumbani hakuna mwizi, na kwamba hadhari hizi ni za mabenki. Nawauliza: neno la siri la Wi-Fi wamekwisha kuwapa wangapi? Mpangaji analo, shemeji aliyekuja Idi analo, na fundi wa televisheni naye pia. Na kila mmoja wao, kwa hesabu ya kompyuta iliyozimwa ulinzi, yumo katika hao watu wote.

Nakiri kwamba watengenezaji nao wana lawama, maana ujumbe wa kukataa hausemi ni idhini ipi kati ya mbili iliyozuia, na HomeGroup, iliyowarahisishia watu wa kawaida jambo hili, iliondolewa katika Windows 10 mwaka 2018. Lakini taklifu iliyobaki si kubwa. Mwenye nyumba na achukue karatasi, aandike majina ya watu wake, na mbele ya kila jina aandike folda gani anaihitaji, na kama ni kusoma au kuandika. Kisha amfungulie kila mmoja akaunti yenye neno la siri katika kompyuta yenye mafaili, na kuzijaza kurasa zile mbili kwa kuifuata karatasi yake. Asiyetajwa humo asiingie.