Yule Si Mjusi

Wenzangu waandishi, leo naomba tuelewane. Kila habari ya mifupa ya Tendaguru ikifika mezani, kichwa cha habari ni kilekile: mjusi wetu aliyeko Ujerumani. Redioni mjusi, bungeni mjusi, vijiweni mjusi. Mimi nasema yule si mjusi, na ushahidi uko kwenye nyonga na miguu yake ya nyuma.

Mtazame mjusi wa ukutani kwako. Mapaja yametanuka pembeni, na pale fupa la paja linapoingia kwenye nyonga kuna kibakuli chenye kitako. Sasa njoo kwa dinosaria. Kibakuli hakina kitako, ni tundu linalotokea upande wa pili. Kichwa cha fupa la paja kimepinda kuingia ndani, ukingo wa juu wa tundu unapokea uzito, na mguu unasimama wima chini ya mwili kama nguzo ya nyumba. Hutaki kupanda ndege kwenda Berlin kuliona? Safisha nyama kwenye nyonga ya kuku, utalikuta. Ndiyo, kuku huyuhuyu. Ndege wametokana na dinosaria; mjusi ni jamaa wa mbali sana.

Ubishi wenyewe si mpya. Mwaka 1909, mwaka uleule Wajerumani walipoanza kuchimba Tendaguru, Gustav Tornier wa Berlin aling'ang'ania kwamba Diplodocus wa Marekani anapaswa kusimamishwa akiwa ametanua miguu kama mjusi. Mwaka 1910 William Holland wa Pittsburgh akamjibu kwa kejeli na mifupa mkononi: ukimtanua hivyo, paja linachomoka kwenye nyonga, na kifua kinashuka chini kuliko nyayo. Mnyama angehitaji kuchimbiwa mtaro kila anapokwenda! Yaani kichwa cha habari tunachoandika leo kilishindwa hoja zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Na huyu wa kwetu, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, alikuwa akiitwa Brachiosaurus, jina la mnyama aliyechimbwa Colorado mwaka 1900. Mwaka 2009 Michael Taylor aliwalinganisha mfupa kwa mfupa, nyonga na mapaja yakiwemo, akapata tofauti 26. Wataalamu wengi sasa wanamwita Giraffatitan. Nani kati yetu amewahi kuliandika jina hilo?

Mfano unaoniuma zaidi unatoka Bonde la Ruhuhu. Mifupa ya Teleocrater iliokotwa huko mwaka 1933, ikaenda kukaa London. Jina lake linatokana na Kigiriki, maana yake bakuli kamili, kwa sababu nyonga yake bado ina kitako. Lakini mifupa ya kifundo cha mguu haikuwepo, kwa hiyo nafasi yake katika ukoo ikabaki kitendawili hadi mingine ilipochimbwa huko mwaka 2015. Jibu likachapishwa mwaka 2017: ni jamaa wa kale wa dinosaria, lakini kifundo chake ni cha mtindo wa mamba! Kifundo kimoja kutoka kusini mwa Tanzania kikawalazimisha wataalamu kuandika upya mwanzo wa ukoo huo.

Ndiyo maana madai ya kurudishiwa mifupa yananikera namna yanavyotolewa, ingawa niko upande wake. Tunahesabu watalii na viingilio tu, kama tunadai sanamu. Elimu hii inapatikana kwa kuweka nyonga kando ya nyonga. Mwanafunzi wa Mlimani anayetaka kugusa nyonga iliyobebwa mabegani na wapagazi hadi bandari ya Lindi lazima kwanza aombe viza. Hiyo ndiyo hoja ya kupeleka Berlin. Wakisema mnyama mzima hasafirishiki, waanze na nyonga na miguu ya nyuma, tutawaonyesha pa kuiweka.

Na wewe mhariri, neno dinosaria lina herufi tisa tu. Kwenye kichwa cha habari linaenea.