Makro yako ikikosea, iache iseme

Wadau, leo nina ugomvi na mstari mmoja tu: On Error Resume Next.

Wengi wetu tuna lile faili la Excel la oda na stoo, na makro tuliyokopi mahali. Unabonyeza kitufe, oda za leo zinapungua kwenye stoo. Raha. Ila mstari huo ukikaa juu kabisa, unaiambia Excel: ukikwama ruka, endelea, usiseme kitu.

Ilinikuta. Kwenye idadi niliandika "pea 2" badala ya 2. Makro ikashindwa kutoa maneno kwenye namba, ikaruka, ikaniandikia "Tayari". Stoo inasoma viatu vipo, kumbe vimeuzwa jana. Nikapokea hela ya dada mmoja wa Morogoro. Hela nilirudisha, ila hajanunua tena kwangu.

Nikaufuta mstari. Makro ikaanza kukwama kwa kelele, sawa, lakini likaja jingine. Mwanzoni huwa inazima hesabu za moja kwa moja ili iende haraka. Ikikatika katikati, haifiki kule inakowasha. Naongeza oda, jumla ya mauzo imeganda palepale. Siku nzima nadhani biashara imelala!

Kwa maoni yangu, makro isiyojua kukwama vizuri, bora daftari. Siku hizi juu naweka On Error GoTo Maliza. Chini kabisa naandika Maliza: na hapo ndipo narudisha kila nilichozima: Calculation iwe xlCalculationAutomatic, EnableEvents iwe True. Kisha kama Err.Number si 0, MsgBox inionyeshe Err.Description. Ujumbe wa "Tayari" unakaa juu ya Maliza, na Exit Sub siweki hapo katikati, maana hata ikienda salama lazima ipitie usafi huohuo.

Kuna atakayesema "mbona yangu inafanya kazi?" Umejuaje, wakati umeifunga mdomo? Ukilazimika kuutumia mstari ule, uwe wa hatua moja, halafu On Error GoTo Maliza papo hapo.

Na hili wengi hawaliangalii: ikikwama oda ya 14, zile 13 za juu zimeshakatwa. Ukirekebisha na kubonyeza tena, zinakatwa mara mbili. Mimi nimeongeza safu ya "imekatwa". Kila oda ikipita inawekewa alama, na yenye alama makro haiigusi.