Pikapu: Tupime Kabla ya Kulipa

Mwezi huu tunajibu barua ya mama mmoja wa Njombe. Yeye na mumewe wameweka akiba ya fedha za viazi kwa misimu minne ili wanunue pikapu iliyokwisha kutumika. Baba anataka yenye kebini mbili, familia nzima ipande siku ya ibada. Mama anataka ya kebini moja, kwa kuwa viazi ndivyo vilivyoleta fedha hizo na ndivyo vitakavyolipa ada za watoto. Sasa wameanza kununiana. Tunamjibu hapa kwa sababu si yeye peke yake aliye na shauri hili.

Tuanze na uzito, maana hapo wengi hudanganyika. Pikapu za kawaida barabarani kwetu, kama Toyota Hilux, Isuzu D-Max na Mitsubishi L200, hubeba yapata tani moja. Watu hudhani tani hiyo ni ya magunia peke yake. Sivyo. Walioketi ndani nao wamo katika hesabu. Baba, mama na watoto watatu waliokwisha kukua waweza kufika kilo 300. Zinabaki kilo 700, yaani magunia saba ya kilo 100, tena magunia ya haki, si lumbesa. Mkijaza lumbesa, hata saba hayafiki.

Kisha pimeni bodi. Kwenye Hilux ya kebini mbili bodi ina urefu wa yapata mita 1.5; kwenye ya kebini moja ni yapata mita 2.3. Tofauti hiyo si ya nafasi tu. Bodi ikiwa fupi, magunia hupandishwa juu na kusukumwa nyuma, na uzito ukizidi nyuma ya ekseli, magurudumu ya mbele hupungukiwa na mzigo. Usukani huwa mwepesi na breki za mbele hazishiki kama ipasavyo. Mama anayejua barabara za Njombe wakati wa masika hahitaji kuelezwa zaidi.

Lakini baba naye tunamwelewa. Kebini moja ina nafasi ya watu wawili, pengine watatu. Je, watoto watakaa wapi? Jibu la wengi ni huko nyuma, juu ya magunia, wakishikilia kamba. Hapo hakuna kiti wala mkanda, na dereva akifunga breki ghafula hakuna cha kumzuia mtoto asirushwe. Kwa hiyo rai yetu ni hii: kama kila safari ya sokoni ni magunia matano au sita, baba ana haki, nunueni kebini mbili. Kama ni tisa au kumi, nunueni kebini moja iliyo imara, apande dereva peke yake na mzigo, na Jumapili watoto waende kanisani kwa basi. Nauli hiyo iandikwe katika bajeti ya gari tangu mwanzo, ili isije ikawa sababu ya kuwapandisha nyuma. Ipo pia ile yenye viti vidogo nyuma ya dereva, iliyo kati ya hizo mbili, lakini kagueni kwanza kama viti hivyo vina mikanda.

Wako ndugu walioko Marekani wanaosifu pikapu kubwa za kule, kama Ford F-150. Ni magari ya nguvu kweli, na upana wake unapita mita mbili. Ila za kule zina usukani upande wa kushoto, nasi huendesha kushoto mwa barabara. Anayetaka kulipita lori itambidi amwulize abiria kama mbele ni salama! Tuwaachie wenyewe.

Kuhusu injini, ulizeni kwanza dizeli yenu inatoka wapi. Hilux za zamani zenye injini ya 3L, ya lita 2.8 isiyo na turbo, hazina kasi mlimani, lakini fundi wa kijijini anazifahamu. Injini mpya zenye turbo na nozeli zinazoongozwa na kompyuta zina nguvu zaidi, ila hazivumilii uchafu. Kama mnanunua dizeli ya madumu kando ya njia, gharama ya nozeli yaweza kula faida ya msimu mzima. Bwana alipotoa mfano wa mnara katika Luka 14, hesabu ilikuwa ya kumaliza, si ya kuanza tu. Basi bima, tairi na matengenezo visisahauliwe.

Jambo ambalo mama huyo hakutuuliza ni la jina. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 60, yasema kwamba mali iliyopatikana katika ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ni yake huyo peke yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa ni kwa majina ya wote wawili, hisa zao huchukuliwa kuwa ni sawa. Mama aliyelima viazi misimu minne asione haya kumwomba mumewe waandikishe gari kwa majina yao wote. Si kumshuku mume. Wajane wengi wanafahamu jinsi ndugu wanavyoulizia funguo za gari kabla matanga hayajaondolewa. Ombeni pamoja, kisha lizungumzeni kabla fedha hazijatoka benki.

Siku ya kwenda kulitazama gari, nendeni wote wawili na fundi wenu, si fundi wa muuzaji. Fikeni asubuhi na mwombeni muuzaji asiliwashe kabla yenu, kwa maana injini iliyokwisha kupata moto huficha ugonjwa. Moshi wa bluu usiokoma ni dalili ya oili kuungua. Fundi aingie chini atazame kutu na alama za kuchomelea kwenye chasisi, hasa karibu na springi za nyuma. Namba ya chasisi ilinganishwe na ile iliyo kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu, na mama ndiye aisome kwa sauti.