Wati 12,000, na Mzee Hasikii Habari

Mmezoea kunikuta nikilalamika kuhusu programu zinazokwama na intaneti ya hapa Kitengela inayokatika kila upepo ukivuma. Leo naweka msimbo kando. Nataka kugombana na watu wawili: muuzaji wa wufa na shabiki wa spika moja. Wa kwanza amekula pesa zangu, wa pili amekula usingizi wangu.

Kisa chenyewe ni hiki. Krismasi iliyopita nilimnunulia mzee wangu, anayeishi nje kidogo ya mji wa Kajiado, seti ya muziki ya kisasa. Sanduku kubwa la wufa, vispika vinne vya kutundika ukutani, taa za rangi zinazochezacheza, na karatasi ya dhahabu iliyoandikwa "12,000W PMPO". Mzee ni mtu wa redio. Taarifa ya habari ya saa moja jioni haikosi tangu enzi za Sauti ya Kenya, kabla haijarudia jina la KBC mwaka 1989. Nikadhani nimempa raha ya uzeeni.

Nilipomtembelea mwezi wa pili nilikuta seti imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake zimepangwa picha za harusi. Mzee alikuwa nje chini ya mti na kiredio chake cha zamani cha spika moja, kimefungwa kwa mpira wa baiskeli ili betri zisidondoke.

"Baba, ile seti imeharibika?"

"Haijaharibika, mwanangu. Inapiga kelele vizuri sana. Lakini hao watu wanasoma habari wakiwa ndani ya mtungi."

Nakiri niliudhika. Pesa za miezi miwili ya kujinyima, halafu mtungi! Lakini kazi yangu ni kutafuta hitilafu, na mtumiaji akisema programu haifanyi kazi, mimi huanza kwa kumwamini. Nikaibeba seti hadi Kitengela, nikachomeka maikrofoni ya kupimia kwenye tarakilishi, nikaendesha REW, programu ya bure ya kupima spika na vyumba. Chai haijapoa nikawa nimeona ugonjwa.

Sauti ya mwanamume anayesoma habari huanzia karibu na Hz 100. Hiyo ndiyo ngurumo ya kifua. Lakini maneno tunayatambua zaidi kwa konsonanti kama s, t, f na k, ambazo nguvu zake nyingi ziko juu ya Hz 2,000. Katika seti ile, kila kitu cha chini ya Hz 200 hivi kinapelekwa kwenye wufa iliyo sakafuni, na kilichobaki kinakwenda kwenye vispika vya ukutani. Msomaji wa habari anapasuliwa vipande viwili: kifua chake kiko chini ya meza, meno yake yako karibu na dari. Tena aliyeiunda aliinua besi kupita kiasi ili seti ivutie dukani. Grafu yangu ilionyesha mlima karibu na Hz 120, halafu bonde mahali ambapo sauti ya mtu inapaswa kukaa.

Sasa ongeza umri. Masikio yanapozeeka hupoteza kwanza masafa ya juu. Na sauti nzito ikizidi hufunika zile nyembamba zilizo juu yake, hata kwa kijana. Kwa hiyo mzee anapewa ngurumo nyingi na konsonanti chache, kisha tunamwambia, "Baba, ongeza sauti." Akiongeza, ngurumo nayo inaongezeka. Si ajabu alihamia chini ya mti.

Nikaifungua seti. Kila kispika kilikuwa na miduara miwili mbele: mmoja wa spika, mwingine wa twita. (Si ile Twitter ambayo tangu 2023 inaitwa X. Hii ni spika ndogo ya sauti nyembamba.) Twita yenyewe ilikuwa kofia ya plastiki iliyopakwa rangi ya fedha. Nyuma yake hakuna sumaku wala waya. Nilikuwa nimenunua picha ya spika.

Na hizo wati 12,000? PMPO haina kanuni ya kihandisi inayokubalika ya namna ya kuipima, hivyo kiwanda kinaandika namba inayokipendeza. Hesabu ya kuumbua uongo huu unaweza kuifanya ukiwa jikoni. Plagi zetu za Kenya zina fyuzi isiyozidi ampea 13. Zidisha kwa volti 240, unapata wati 3,120. Seti yenye kutoa wati 12,000 mfululizo ingekata fyuzi kabla msomaji hajamaliza kusema "hamjambo". Geuza seti hiyo hiyo usome maandishi madogo mgongoni: 240V, 60W. Sitini! Hizo ndizo inazovuta kutoka kwenye stima, pamoja na zile taa.

Mtu anahitaji wati ngapi basi? Spika ya kawaida hutoa kama desibeli 85 kwa wati moja ukiwa mita moja mbele yake. Watu wanaozungumza kwa utulivu hutoa kama 60. Wati moja, ndugu zangu, inamtosha mzee na inabaki. Zinazozidi zinakwenda kwa jirani. Anayeishi kwenye ploti kama zetu anajua: konsonanti inakwama ukutani, besi inapita. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu 2009, lakini wufa ya mtu aliyepokea mshahara Ijumaa haijawahi kuzisoma.

Basi nikatengeneza yangu. Fundi mmoja hapa Kitengela ana rundo la televisheni nene za zamani, zile za kioo kizito. Ndani yake mna spika za umbo la yai, zilizoundwa kubeba sauti yote peke yake, za chini hadi za juu. Alinipa moja kwa bei ya chakula cha mchana. Seremala akanikatia mbao za plaiwudi za milimita 18, nikapata sanduku la lita 8 hivi, nikalijaza vipande vya blanketi kuukuu. Nikaongeza kiamplifaya kidogo na kapasita ya kuzuia masafa ya chini kabisa. Chanzo ni redio ndogo ya FM, kupitia tundu lake la spika za masikioni.

Kwa nini kitu duni namna hii kinaishinda seti ya wati 12,000? Kwa sababu sauti ya mtu inatoka mahali pamoja, kama inavyotoka kinywani. Hakuna krosova, yaani ule mgawanyo wa masafa kati ya spika na spika, uliokaa katikati ya maneno. Wenzangu wa programu watanielewa haraka: hitilafu hupenda kuishi pale mifumo miwili inapokutana. Ukiwa na fedha na wahandisi, mpaka huo unaweza kuujenga vizuri. BBC ilifanya hivyo miaka ya 1970 na kispika chake cha LS3/5A, kidogo lakini chenye krosova iliyosumbukiwa kwelikweli. Katika seti ya bei nafuu huo mpaka umejengwa kwa kapasita moja na matumaini.

Najua swali linalokuja: "Na besi je?" Chukua Sina Makosa ya Les Wanyika, ya mwishoni mwa miaka ya 1970. Uzi mzito kabisa wa gitaa la besi ni kama Hz 41, na kisanduku changu hakifiki huko hata kwa maombi. Lakini uzi huo hautoi Hz 41 peke yake. Unatoa pia 82, 123, 164 na kuendelea juu, na ubongo ukizisikia hizo unajijazia wenyewe ile ya chini iliyokosekana. Ndiyo maana watu wengi waliofahamu wimbo huo kupitia redio ya spika moja waliifuata besi yake bila shida. Hata ng'ambo studio zimelijua hili. Kijisanduku cha Auratone 5C, chenye spika moja tu, kilitumika sana kuhakiki nyimbo, na Bruce Swedien, mhandisi wa sauti wa Thriller ya Michael Jackson ya 1982, alikuwa akikitegemea.

Haya, mashabiki wa spika moja mmeshaanza kupiga makofi. Ngojeni, zamu yenu imefika.

Ninyi mnaotumia fedha za gari kununua spika moja ya Lowther, kisha mnatuambia kwamba sauti yake ni safi kwa kuwa "haina mgawanyo wowote", mtazame ile koni ndogo iliyogandishwa katikati ya koni kubwa. Kazi yake ni nini? Ni kuchukua masafa ya juu pale kubwa inaposhindwa. Hiyo ni krosova ya karatasi na gundi, na haina hata skrubu ya kuirekebisha.

Pili, fizikia haina upendeleo. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la Hz 10,000 lina urefu wa sentimita 3.4. Koni yenye upana wa sentimita 20 hurusha mawimbi mafupi kama hayo mbele yake tu, kama tochi. Aliyeketi katikati anafurahi, mgeni aliyeketi pembeni anasikia blanketi. Msiniambie programu itasawazisha. Naandika programu hizo. Nikiinua masafa ya juu ili mgeni asikie, ninamtoboa masikio wa katikati.

Tatu, kila ukishuka okta moja kwa sauti ya kiwango kile kile, koni inapaswa kwenda mbele na nyuma mara nne zaidi. Koni moja inayosukuma besi huku imebeba sauti ya mwimbaji humtikisa mwimbaji huyo kama abiria wa kiti cha nyuma kwenye barabara ya vumbi. Ndiyo maana nikaweka kapasita. Spika moja inayolazimishwa kupiga karamu ni uongo ule ule wa PMPO, umevaa suti.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kwa sebule ya mita tatu kwa nne, kwa habari, mahubiri, mpira wa redioni, benga na taarabu, spika moja ya ukubwa wa kiasi, iliyo kwenye sanduku imara na inayotazama kiti chako, itakuhudumia kuliko seti yoyote yenye taa. Ukitaka kuchezesha harusi, kodisha mitambo ya harusi. Na ukienda kununua Luthuli Avenue, usimruhusu muuzaji akuwekee wimbo wake wenye besi. Mwambie atafute stesheni ya mazungumzo, punguza sauti iwe chini, kisha rudi nyuma hatua nne. Ukilazimika kukisia maneno, rudisha pesa mfukoni. Soma wati mgongoni. Gonga twita kwa kucha.

Kisanduku nilikipeleka Kajiado mwezi uliopita. Nilikisimamisha lile yai wima, maana likilala kwa upana sauti hubana pembeni, nikakielekeza kwenye kiti cha mzee. Alisikiliza dakika mbili bila kusema neno. Nami nikaondoka bila kujua kama nimefaulu.

Ijumaa iliyofuata nilimpigia simu saa moja na dakika tano jioni. Haikupokelewa. Nikapiga tena, kimya. Saa moja na nusu akanipigia mwenyewe, mkali kweli:

"Wewe, ulikuwa unataka nini wakati wa habari?"