Nyuma ya Misuli ya Mdogo Wangu

Mwezi huu naomba uniazime masikio, maana ninachotaka kukusimulia hakikutokea mtaa wa pili. Kimetokea nyumbani kwetu. Mhusika mwenyewe ameniruhusu niandike, kwa sharti moja tu: jina lake nisilitaje.

Ilikuwa sikukuu ya Iddi, mwaka juzi. Kama umewahi kwenda Lushoto unajua. Ukiiacha Mombo na joto lake, zinabaki kilomita 33 za kona juu ya kona, upande huu ukuta wa mlima, upande ule korongo. Ukifika Soni masikio yameziba na sweta limeshatoka kwenye begi. Safari hiyo huwa naifurahia mno. Safari hii sikujua nakwenda kukutana na nini.

Usiku wa kwanza mama aliniita jikoni. Alianzia mbali, bei ya viazi, mvua, mguu wake unaomsumbua. Kisha akashusha sauti. "Mwanangu, wifi yako huu mwaka wa nne, na tumbo halina kitu. Baba zako wadogo wanataka mdogo wako aoe mke mwingine. Wewe msomi, zungumza naye."

Pembeni ya jiko palikuwa na sufuria ndogo, majani na mizizi vikichemka. Dawa ya wifi yangu. Asubuhi kikombe, jioni kikombe, chungu kama shubiri. Anakunywa bila kulalamika.

Ngoja kwanza nikurudishe nyuma, umjue huyu mdogo wangu.

Alikuwa kijana wa kupakia matenga. Zile karoti, kabichi na hoho za Lushoto unazonunua Kariakoo, si zinajipandisha zenyewe kwenye fuso. Watu wanazibeba mabegani, kutoka shambani kwenye mteremko mpaka barabarani. Akiwa na miaka 17 mgongo wake ulikuwa kama mlango. Likizo moja nikiwa chuo nilimletea gazeti kuukuu la mazoezi, lina picha za Arnold Schwarzenegger. Nilileta tu kama zawadi. Alilisoma likachanika. Kumbe huyo Arnold naye alizaliwa kijijini, Thal, huko Austria, mwaka 1947, na alipotimiza miaka 20 tu alikuwa ameshanyakua taji la Mr Universe! "Dada, kumbe hata wa kijijini wanafika," aliniambia.

Wiki iliyofuata alitafuta makopo mawili ya rangi, akayajaza zege na kuchomeka bomba la chuma katikati. Hicho ndicho kilikuwa chuma chake cha kwanza. Alfajiri, ukungu bado umelala, unamsikia nyuma ya banda la mbuzi anahema. Majirani walisema anajiandaa kuwa jambazi. Baba alisema nguvu hizo angelimia. Babu ndiye aliyesema la maana, ingawa siku hiyo sote tulicheka. Unajua sisi Wasambaa tunasimuliana habari za Mbega, mwindaji aliyeingia milimani kwetu kutoka Ungulu, akaua nguruwe pori waliokuwa wakimaliza mashamba, akagawa nyama, mpaka watu wakamfanya mfalme. Babu akamwambia: "Mbega naye alikuwa na nguvu, lakini aligawia watu nyama. Wewe mayai yote ya nyumba hii unakula peke yako!"

Akahamia Dar. Mchana fundi wa kubeba zege, usiku baunsa mlangoni, katikati tizi. Mwenye jimu moja alimruhusu afanye mazoezi bure mradi afanye usafi. Mimi nikampa moyo kwa habari za Ronnie Coleman, askari polisi wa Arlington, Texas, aliyesomea uhasibu. Naye mwenye jimu alimwachia vyuma bure kwa sharti kwamba akubali kushindana. Mwaka 1990 akawa Mr Texas, na kati ya 1998 na 2005 akachukua Mr Olympia mara 8 mfululizo. Mdogo wangu alisikiliza kama mtoto anayesimuliwa hadithi.

Mashindano yake ya kwanza nilikuwepo ukumbini. Jamani, watu tunaona dakika chache za pozi na mafuta yanang'aa, hatujui kilichotangulia. Kwa wiki 12 alikula mayai meupe, kuku wa kuchemsha na mchicha usio na chumvi. Wali aliuona kwenye sahani za wengine. Siku ya mwisho maji alikunywa kwa kifuniko cha chupa, ili ngozi ishikane na nyama na majaji waone kila mshipa. Midomo ilikuwa imempasuka. Majaji hawatazami ukubwa peke yake. Wanataka ulinganifu, juu na chini, kushoto na kulia, na misuli iliyochambuka. Alipogeuka kuonyesha mgongo ukumbi ulilipuka. Mgongo ule wa matenga! Nililia, sitaki kukuficha.

Akawa wa nne. Wifi yangu, wakati huo ni mchumba tu, alimfuta mafuta kwa kanga yake na kumlisha chungwa kipande kwa kipande.

Mwaka uliofuata alirudi jukwaani akiwa ameongezeka ajabu. Shingo imemeza mabega. Akaanza kuniomba hela za "virutubisho", nami nikatuma, tena si kidogo. Sikuuliza. Picha yake niliiweka mezani ofisini, kila mgeni namwonyesha: huyu mdogo wangu. Hasira zake za ghafla, chunusi mgongoni, yote niliyaona. Nikasema ni uchovu.

Sasa turudi kwenye ile Iddi. Asubuhi ya pili tulitembea wawili mpaka Irente, pale genge linapokatika na unaona Mazinde chini kabisa, na nyika inakwenda mpaka macho yachoke. Nikamwambia maneno ya mama. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, bila kunitazama: "Dada, mke wangu hana tatizo."

Baada ya ile nafasi ya nne, mtu mmoja wa mazoezini alimwambia hawezi kufika namba moja kwa mayai na maharage. Akaanza sindano. Miaka mitatu. Alipoona mtoto haji, alikwenda kwa siri kupima Dar. Kipimo cha mbegu za kiume kilisoma sifuri.

Inakuwaje? Nilimuuliza daktari baadaye, akanieleza kwa lugha ya kawaida. Steroidi hizi ni homoni ya kiume iliyotengenezwa kiwandani. Ukiijaza mwilini, ubongo unaona ipo ya kutosha, unaziamuru korodani zisimamishe kazi. Zinasinyaa, mbegu zinapungua hata kuisha. Yaani mwanaume anaonekana dume kuliko madume wote mtaani, kumbe ndani kiwanda kimefungwa. Na hayo ndiyo madogo, kwani moyo na ini navyo vinaumia. Andreas Münzer, Mwaustria aliyemhusudu sana Arnold, alifariki Munich mwaka 1996 akiwa na miaka 31 tu, viungo vya ndani vimeshindwa kazi. Hata Coleman mwenyewe, baada ya miaka ya vyuma vizito na operesheni nyingi za mgongo na nyonga, kutembea kwake leo ni kwa taabu.

Lakini pale Irente hayo yote sikuyawaza. Niliiwaza ile sufuria.

"Mkeo anajua?"

"Hajui."

"Ameanza lini kunywa ile dawa?"

"Mwaka jana."

"Na wewe umepima lini?"

Akainama. Alikuwa amepima miaka miwili nyuma. Mtu anayeinua kilo 180 kifuani alishindwa kuinua sentensi moja. Nilitaka kumzaba kibao, ila nikakumbuka zile pesa nilizotuma bila kuuliza, na ile picha mezani kwangu. Nami nilikuwa nashangilia misuli ile.

Nikamwambia, "Iddi haiishi hujasema. Usiposema wewe, nasema mimi."

Jioni, mama, mimi na wifi tukiwa jikoni, aliingia akiinamisha kichwa mlangoni, maana mlango wetu ni mfupi. "Mama, tatizo ni mimi. Nimepima. Mke wangu msimseme tena." Mama aliketi chini. Wifi yangu hakulia. Aliichukua ile sufuria, akatoka nje, akaimwaga kwenye migomba. Kesho yake alikwenda kwao.

Alikaa wiki tatu. Aliporudi alisema jambo moja: kilichomuuma si kukosa mtoto, ila kunyweshwa uchungu usio wake huku mume anamtazama. Akataka waende kwa daktari pamoja, na kuanzia hapo wakaenda pamoja. Mdogo wangu aliacha sindano chini ya uangalizi, maana kuacha nako kunahitaji daktari. Kwa wengi mbegu hurudi baada ya miezi kadhaa, kwa wengine hupita mwaka, na wapo ambao hazirudi. Zake, kipimo cha miezi 14 kilionyesha zimeanza kurudi. Mtoto bado. Baba zangu wadogo wamenyamaza.

Jukwaani hapandi tena. Kilo nyingi zimeondoka, na mwanzoni kujitazama kwenye kioo kulimtesa kuliko njaa ya mashindano. Sasa yuko Lushoto, na jioni vijana wa matenga wanakuja nyuma ya lile banda la mbuzi kufanya tizi kwa yale makopo ya zege. Anawafundisha bure. Sharti lake ni moja: hakuna sindano. Na mayai, mama ananiambia huku anacheka, siku hizi wanagawana.

Mpenzi msomaji, mchezo wenyewe sina ugomvi nao. Ulimtoa mdogo wangu mlimani ukamfundisha nidhamu ambayo mimi na digrii yangu sina. Ninachokuomba ni haya mawili. Kama kuna mtu wako anapanuka haraka kuliko chakula anachokula, muulize, tena mapema. Na kama nyumbani kwenu kuna mwanamke anayechemshiwa mizizi, mwulizeni na mumewe kama amepima. Takriban nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, mwanaume naye anahusika.

Ile picha bado iko mezani kwangu. Nimeweka nyingine pembeni yake: yeye na wifi, Irente, wamevaa masweta. Wageni huniuliza kama ni mtu yuleyule.

Tukutane toleo lijalo. Jipende.