Upepo wa Luano si upepo wa Kilwa: barua ya wazi kwa Shirika la Mazingira la Kongo

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Sheria ya mazingira ya Julai 9, 2011 inamtaka mwenye mradi mkubwa afanye kwanza tathmini ya athari, na shirika lako ndilo lenye kazi ya kuichunguza kabla kibali hakijatoka. Mradi unapokuwa wa mgodi au wa kuyeyusha shaba, hoja kuhusu hewa huletwa kwa ramani za rangi zinazoonyesha moshi na mavumbi yatafika wapi na yatapungua wapi. Ramani hizo hutoka kwenye modeli za kompyuta. Ninalokuomba ni hili: modeli ya hewa isipokelewe kama ushahidi mpaka iwe imelinganishwa na vipimo vilivyochukuliwa palepale mradi unapokusudiwa, na kiasi inachoweza kukosea kiandikwe waziwazi.

Chukua Kilwa, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, katika wilaya ya Pweto, huko Katanga. Mgodi wa shaba na fedha wa Dikulushi uko kaskazini yake, mwendo wa kilomita hamsini hivi. Ulipokuwa ukifanya kazi, madini yaliyosagwa na kuchujwa yalishuka kwa malori hadi bandari ya Kilwa, yakapakiwa kwenye vyombo vya kuvuka ziwa kwenda Nchelenge, upande wa Zambia. Anayetaka kujua mavumbi ya kazi kama hiyo yanamwangukia nani anahitaji kwanza upepo wa saa kwa saa. Mahali rahisi pa kukimbilia ni takwimu za uwanja wa ndege wa Luano, Lubumbashi. Lakini Luano iko karibu kilomita 270 kutoka Kilwa hata ukipima kwa mstari ulionyooka, na iko kwenye uwanda wa mita zaidi ya 1,200 juu ya bahari, ilhali Mweru iko kwenye mita 900 na kitu. Luano haina ziwa. Kwenye ufuko, nchi kavu hupata joto mchana upesi kuliko maji, upepo ukavuma kutoka ziwani kwenda nyumbani kwa watu. Usiku mambo hugeuka. Modeli iliyolishwa upepo wa Luano haitaujua mzunguko huo. Itachora ramani safi ya mji mwingine.

Kuna kasoro nyingine, nayo imo ndani ya hesabu yenyewe. Modeli nyepesi zinazotumika kwa kazi hii hugawanya kiasi cha moshi kwa kasi ya upepo. Upepo ukiwa nusu, kiwango angani kinakuwa mara mbili. Ukikaribia kutulia kabisa, hesabu inapoteza maana. Sasa, usiku wa kiangazi cha Katanga ndio wenye hewa iliyotulia, baridi imekaa chini, na moshi wa makaa na wa mioto ya porini umetanda. Saa zenye hatari kubwa ndizo ambazo modeli inazielewa vibaya zaidi. Na ikiwa mwandishi wa tathmini amehesabu moshi wa mradi wake peke yake, akasahau ule uliokuwepo tayari, basi amejibu swali ambalo hakuna mkazi aliyeuliza.

Wapo watakaosema modeli hizi zimekwisha kuthibitishwa ng'ambo. Ni kweli, na zilithibitishwa kwa bidii. Mwaka 1956, huko Nebraska, Marekani, watafiti waliachia dioksidi ya salfa kwenye mbuga tambarare ya nyasi na kuipima kwa vyombo vilivyopangwa kwenye matao kuanzia mita 50 hadi 800 kutoka ilipoachiwa. Data hizo zinatumika hadi leo. Ila mbuga ile haikuwa na ziwa wala milima, na hata pale wataalamu huiona modeli kuwa nzuri ikiwa angalau nusu ya makadirio yake yako kati ya nusu ya kipimo halisi na mara mbili yake. Tafsiri yake ofisini mwako ni hii: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2021, linapendekeza dioksidi ya salfa isizidi mikrogramu 40 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 24. Ripoti ikisema 25, hewa halisi yaweza kuwa 50, na modeli bado ikahesabiwa kuwa nzuri. Kibali kinachotolewa kwa namba 25 tupu kimetolewa gizani.

Upande wa pili wako wanaharakati wanaotaka modeli zitupwe zote kwa sababu ni makisio ya wenye fedha. Siungani nao. Kipimo peke yake hueleza yaliyokwisha kutokea. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza 1911, na upepo wa kusini-mashariki ukabeba moshi wake kaskazini-magharibi kwa miongo mingi; leo udongo wa Penga Penga, upande huo, una shaba nyingi kiasi kwamba mahali pengine hata nyasi hazioti. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vilivyoonyesha kwamba wanaoishi chini ya kilomita tatu kutoka migodini au viwandani walikuwa na kobalti nyingi mno, kuliko ilivyowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida popote. Utafiti mzuri sana, lakini ulikuja watu wakiwa wamekwisha kuingiwa na kobalti. Kabla dohani halijajengwa, kinachoweza kutuonya ni modeli, ndiyo maana nataka iwe ya kuaminika.

Gharama? Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kupitia mradi wa AirQo ulioanza 2015, kimetengeneza vihisi vya bei nafuu vya chembechembe za vumbi na moshi, vinavyohimili mavumbi na umeme wa kukatika, na usahihi wake hurekebishwa kwa kuvilinganisha na mashine kubwa ya rejea. Havitoshi kwa kila gesi. Dioksidi ya salfa inahitaji vyombo vingine. Lakini mwaka mmoja wa vihisi vichache na kituo kidogo cha upepo ni fedha ndogo mbele ya bajeti ya mgodi wowote, na alipe mwenye mradi. Atakayelia kwamba wawekezaji watakimbia asome kifungu cha 285 bis cha Kanuni ya Madini iliyorekebishwa 2018: mwenye haki ya madini hulipa madhara hata kama hakuzembea. Mwekezaji mwenye akili atapenda kujua mapema atadaiwa nini.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, toa agizo kwamba tathmini yoyote yenye modeli ya hewa iambatane na vipimo vya misimu yote miwili, kiangazi na masika, vya upepo na hewa ya mahali penyewe; data zilizoingizwa ziwekwe wazi ili Chuo Kikuu cha Lubumbashi kiweze kuirudia hesabu; na modeli ipimwe tena mwaka mmoja baada ya kazi kuanza, kibali kikirekebishwa ikiwa ilidanganya. Anzeni na tathmini zilizo mezani sasa.