Takwimu zisiishie kwenye kompyuta
Kwenye kituo chetu cha afya, mfumo wa kompyuta wa GoTHOMIS unaandikisha wagonjwa na kukusanya malipo, vitabu vya kumbukumbu vya MTUHA vinajazwa, na jumla ya kila mwezi inaingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa taifa wa takwimu za afya. Lakini kamati ya kituo ikikaa kupanga bajeti, hakuna anayefungua ripoti hizo. Dawa mseto ya malaria inaagizwa kwa mazoea, inaisha katikati ya masika huku akina mama wamepanga foleni na watoto wenye homa, ilhali matumizi ya masika yaliyopita yamo humo humo kwenye mfumo. Umeme ukikatika tunaandika kwenye karatasi, na karatasi nyingi haziingizwi baadaye kwenye mfumo. Hapo hata ripoti inadanganya. Waganga wakuu wa wilaya, tafadhali msipitishe oda ya dawa isiyoambatanishwa na takwimu za matumizi.